Tumeambiwa kila mtoto ana akili yake: mwalimu mwenye wanafunzi 84 afanyeje?

MwalimuWaTano (Morogoro) anauliza:

Walimu wenzangu, salaam.

Ninafundisha Hisabati na Sayansi Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali. Mkondo wangu una wanafunzi 84, na wengi wao wanakaa wanne kwenye dawati moja. Hivi karibuni tulihudhuria mafunzo kazini, na mwezeshaji akatueleza nadharia ya Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliyeandika mwaka 1983 kwamba akili ya binadamu si moja wala haiwezi kuelezwa kwa alama moja ya jaribio. Tulielekezwa tumpe kila mwanafunzi dodoso, tubaini aina yake ya akili, kisha tuandae somo kwa kufuata makundi yatakayopatikana.

Wazo lenyewe limenigusa, kwa sababu ninaye mwanafunzi ambaye sijui nimsaidieje. Kusoma kwake ni kwa taabu kubwa. Aya moja ya mistari mitano humchukua muda ambao wenzake wanamaliza ukurasa. Lakini wakati wa mapumziko anaunda magari ya waya ambayo watoto wa madarasa ya juu wanayagombania. Siku moja nilisimama nikamtazama akiweka ekseli. Alikata unyasi mkavu ulio sawa na urefu wa fremu ya gari, akaukunja katikati, akaukunja tena, akaunyoosha juu ya waya na kutia alama kwa mkaa mahali pa robo na mahali pa robo tatu. Hapo ndipo alipofunga ekseli zake mbili, na magurudumu aliyoyakata kwenye ndala iliyochakaa yakakaa sawasawa. Wiki hiyo hiyo, katika jaribio la sehemu, swali la 1/2 + 1/4 alilijibu 2/6.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Je, nadharia hii ni ya kweli kiasi cha kupangia kazi darasa zima? Je, inatekelezeka vipi kwa wanafunzi 84 katika kipindi cha dakika 40? Na tatu, baadhi ya wenzangu wananishauri nimwache mtoto huyu ajikite katika kazi za mikono, nisimsumbue sana na kusoma, kwa kuwa akili yake iko kwenye vidole. Mnaonaje?

Mkufunzi_Saikolojia (chuo cha ualimu) anajibu:

Mwalimu, nianze na swali lako la kwanza, maana mengine yanalitegemea hilo.

Kabla ya Gardner, upimaji wa akili ulikuwa umetawaliwa na majaribio yaliyotokana na kazi ya Alfred Binet na Théodore Simon, ambao mwaka 1905 walitunga jaribio lao nchini Ufaransa kwa lengo la kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ya mtoto ni kiwango kilichokwisha kuwekwa tangu kuzaliwa, ingawa wengi waliomfuata waliyatumia majaribio ya namna hiyo kana kwamba ndivyo. Gardner alikuja kuupinga mtazamo huo finyu. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili na viungo, ya kuelewana na watu, na ya kujielewa nafsi. Baadaye, katika miaka ya 1990, akaongeza ya nane, yaani ya kutambua mimea, wanyama na mazingira. Zingatia kwamba hakusema mtoto huyu ana hii na yule ana ile. Alisema kila mtu anazo zote kwa viwango vinavyotofautiana, na kwamba katika kazi yoyote ya maana zinashirikiana. Kwa hiyo dodoso la kumbandika mtoto jina la akili moja halitokani na nadharia yenyewe, limeongezwa njiani.

Nadharia hii ina wapinzani wake, na hoja zao ni nzito. Tangu mwanasaikolojia wa Uingereza Charles Spearman alipochapisha kazi yake mwaka 1904, wapimaji wameona mara kwa mara kwamba anayefanya vizuri katika jaribio la aina moja huelekea kufanya vizuri katika mengine pia, na hilo halipatani kirahisi na wazo la akili zinazojitegemea kabisa. Ndiyo maana wanasaikolojia wengi wanapendelea kuziita akili hizo vipaji au uwezo mbalimbali. Kuhusu desturi ya kumfundisha kila mtoto kwa mtindo wake tu, huyu kwa macho, yule kwa masikio, mwingine kwa mikono, Harold Pashler na wenzake waliipitia mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuiunga mkono. Gardner naye aliandika katika gazeti la Washington Post mwaka 2013 kwamba akili anazozizungumzia si mitindo ya kujifunza, na akawashauri walimu wamjue kila mwanafunzi kadiri inavyowezekana, na jambo muhimu walifundishe kwa njia kadhaa badala ya moja. Ushauri huo unaweza kuusimamia bila wasiwasi, hata ikiwa wataalamu wataendelea kubishana kuhusu idadi ya akili.

Tafiti zinazonigusa zaidi ni zile zilizofanyika karibu nasi. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake walichunguza watoto wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Waliwapima ujuzi wao wa dawa za miti shamba: dawa ipi ni ya ugonjwa upi, na hutumiwa kwa kiasi gani. Huo ni ujuzi wa kila siku katika mahali ambapo malaria na minyoo ya tumbo ni maradhi ya kawaida. Ilionekana kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati yanayofanana na ya shule. Watoto hao walikuwa wamejifunza mengi, ila shule haikuwa imeuliza walichojifunza. Timu hiyo hiyo ilifanya kazi pia katika shule za eneo la Bagamoyo. Watoto walipewa jaribio, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kulikabili, kisha wakapimwa tena, na alama zao zikapanda waziwazi. Alama ya pili ilieleza uwezo wao vizuri kuliko ile ya kwanza.

Hilo la Bagamoyo unaweza kulifanya kesho asubuhi bila gharama. Kabla hujaandika kwamba mtoto hawezi, mpe swali, mwoneshe mbinu, mpe swali jingine la aina hiyo hiyo, na utazame amesogea kiasi gani. Dodoso liweke pembeni. Chukua daftari la kawaida, kila wiki chagua watoto watano, uwatazame wakisoma, wakicheza na wakifanya kazi za shule, na kwa kila mmoja uandike sentensi mbili tatu za kile ulichokiona kwa macho yako. Kwa darasa la 84 utakuwa umewapitia wote katika wiki kumi na saba hivi. Ulichokiandika kuhusu unyasi uliokunjwa kina manufaa kuliko fomu yoyote ya kutia tiki.

Gredi_ya_Tano_Kilifi anajibu:

Mwalimu mwenzangu wa Morogoro, mimi niko upande wa pili wa mpaka, na nitajibu swali lako la pili kwa kuwa ndilo ninaloishi nalo. Mtaala wetu wa umilisi hapa Kenya umekuja na matumaini makubwa katika suala hili hili. Kundi la kwanza la mtaala huo limeingia Gredi ya 10 mwaka 2026 likiwa na mikondo mitatu ya kuchagua: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa pamoja na michezo. Ni hatua njema, lakini mkondo wa Gredi ya 10 haumsaidii mtoto ambaye hakuelewa sehemu akiwa Gredi ya 5. Kazi yetu ni huku chini.

Kosa la 1/2 + 1/4 = 2/6 ninalijua vizuri. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini), kwa sababu kwake hizo ni namba nne zilizosimama kwenye karatasi wala si vipande vya kitu. Mimi humaliza tatizo hilo uwanjani. Nagawa darasa katika makundi ya watu kumi na wawili, kwa hiyo wewe utapata saba kamili. Kila kundi linapewa kamba ya mnazi au ya katani yenye urefu wa mita nne, nao wanatafuta nusu kwa kuikunja, wanapiga fundo, wanaikunja tena, wanapiga mafundo ya robo. Kamba inalazwa chini. Mtoto wa kwanza anatembea kutoka mwanzo hadi nusu na kusimama. Wa pili anaanzia pale alipoishia mwenzake na kuendelea kwa robo. Ninawauliza: amesimama kwenye fundo la ngapi, na kamba nzima ina robo ngapi? Hakuna anayesema mbili juu ya sita. Aliyekuwa na jibu hilo kichwani analitafuta kwenye kamba, anakuta 2/6 ni pungufu hata ya ile nusu waliyoanza nayo, na anaanza kujisahihisha kwa sauti.

Tukirudi darasani tunapiga meza. Mpigo mrefu una hesabu nne. Nusu yake hushika hesabu mbili, robo hushika moja, na kundi moja linapiga nusu huku jingine likijibu kwa robo. Halafu kila kundi linatunga habari fupi ya mzee aliyegawa shamba, wanaisimulia, na mwisho tunakwenda ubaoni kuandika 2/4 + 1/4. Hatua hii ya ubao usiiruke kamwe, maana kamba na ngoma bila maandishi huacha furaha tu, na mtoto akifika kwenye mtihani hatambui kwamba lile fundo la tatu na ile 3/4 ni kitu kimoja.

Kila mtoto anapita njia zote nne. Sipangi kundi la wanamuziki wala kundi la wanahesabu. Ninachobadilisha ni nafasi ndani ya kundi: leo huyu anashika kamba, kesho anaandika, siku nyingine anawaeleza wenzake. Mtoto wako wa magari ya waya ningempa kamba siku ya kwanza ili darasa limwone akiongoza, na siku ya pili ningempa chaki. Kazi hii hula vipindi viwili badala ya kimoja, na haifai kwa kila mada. Mimi huitumia mada inapoanza, na kwa zile dhana ambazo nikizikosea mwanzo zitanisumbua mwaka mzima. Mwisho wa kipindi kila mmoja ananiandikia jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi, nami usiku ninazigawa karatasi katika mafungu matatu: wameelewa, wanakaribia, bado. Asubuhi ninaanza na fungu la tatu.

ElimuMaalumu_Arusha anajibu:

Nimesoma majibu ya waliotangulia na ninakubaliana nao. Ninaandika kwa sababu ya swali la tatu, ambalo naomba tusilipite kwa haraka.

Mwalimu, tafadhali usikubali ushauri wa kumwachia mtoto huyu kazi za mikono na kumpunguzia kusoma. Wanaokushauri wana nia njema, lakini matokeo yake ni kumfungia mlango mtoto mwenye umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Anayekunja unyasi mara mbili kupata robo ana akili ya kutosha kabisa kujifunza kusoma. Kama hasomi, kuna kitu kinachomzuia, na ni wajibu wetu kukitafuta.

Anza na macho na masikio. Msimamishe nyuma ya darasa asome herufi kubwa ulizoandika ubaoni, jicho moja kwa moja. Simama nyuma yake umtajie maneno kwa sauti ya kawaida, ayarudie. Ukiona shaka yoyote, mzazi ampeleke kituo cha afya. Inasikitisha kuona watoto wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kama macho na masikio ni mazima, fikiria uwezekano wa disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala upungufu wa akili. Kwa Kiswahili ugumu huu hujificha, kwa kuwa maandishi yetu yanafuata sauti bila kigeugeu, na mtoto anaweza hatimaye kutamka neno sahihi. Dalili kubwa inakuwa ule mwendo wa taabu ulioueleza: anakata neno silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake, na maneno yenye konsonanti zilizoungana kama "ng'ombe", "mbwa" au "kwetu" yanamkwamisha. Wengine huchanganya b na d muda mrefu baada ya wenzao kuacha.

Kinachosaidia ni mazoezi mafupi ya kila siku. Dakika kumi kabla ya kipindi cha kwanza zinatosha: kadi za silabi, kisha maneno, kisha sentensi moja inayohusu kitu anachokipenda. Mwandikieni pamoja maelezo ya namna ya kuunda gari la waya, yeye akisema na wewe ukiandika, halafu hayo maneno yake mwenyewe yawe kitabu chake cha kusoma. Mtoto huyasoma kwa hamu maneno aliyoyatamka yeye. Mpange na mwenzake mwenye subira wasome kwa pamoja, sauti mbili kwa wakati mmoja, ili asibaki peke yake mbele ya darasa. Na unapompima Hisabati, msomee swali kwa sauti. Lengo la jaribio lile lilikuwa sehemu. Kama hakuweza kulisoma swali, alama yake haikuambii chochote kuhusu sehemu.

Kiti chake kiwe mbele, na asiitwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa. Aibu hufanya kazi haraka kuliko sisi.

MwalimuWaTano (Morogoro):

Ninawashukuru sana. Jana nilimsomea mtoto huyu maswali ya lile jaribio kwa mdomo, na kati ya maswali kumi alipata sita bila kuandika. Swali la 1/2 + 1/4 alilikosa tena kwa namna ile ile, basi nikampa unyasi. Aliukunja, akaniangalia, akasema robo tatu.

Limebaki jambo moja linalonitatiza. Mzazi wake anataka amtoe shuleni akajifunze ufundi kwenye gereji ya mjomba wake, kwa sababu ripoti za muhula zimemwonesha mtoto wa mkiani kila mara. Anasema mwalimu mkuu naye hutazama wastani tu. Nikizungumza naye nimwambie nini, na ripoti ya muhula huu niiandikeje bila kusema uongo?

Mwalimu_Mstaafu_Tabora anajibu:

Mwanangu, hongera kwa huo unyasi.

Mzigo wa mtihani haukuanza na ninyi. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka mitihani ipunguziwe uzito katika macho ya serikali na ya wananchi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta utaratibu wa kuhesabu kazi za mwanafunzi za kila siku, na hata tabia na kazi zake za mikono, badala ya kutegemea karatasi ya mwisho peke yake. Sisi tuliokuwa kazini wakati huo tuliona uzuri wake na pia namna ulivyopungua nguvu, kwa sababu walimu hawakupewa muda wala mafunzo ya kuziweka kumbukumbu hizo, na wengine wakaishia kujaza alama siku moja kabla ya kuzituma. Ninalisema hili ili ujue kwamba daftari aliloshauri mkufunzi ni kazi ya kufanywa kidogo kidogo kila wiki, au isifanywe kabisa.

Kuhusu mzazi, usimwite ofisini. Nenda nyumbani au mwombe aje wakati mtoto anaunda gari, umwoneshe kwa macho yake. Usidharau gereji, maana ufundi ni kazi ya heshima, na mjomba akikubali mtoto aende huko siku za Jumamosi na wakati wa likizo itakuwa faida kubwa. Mweleze tu kwamba fundi wa leo anasoma mwongozo wa injini, anapima kwa milimita, anaandika ankara na kusaini mkataba. Gari linapokuja na hitilafu ngeni, fundi asiyesoma hulazimika kumwita mwenzake. Akimaliza shule akiwa anasoma, gereji itakuwa bado ipo na yeye atakuwa na zaidi ya kuipelekea. Wazazi niliozungumza nao kwa namna hii mara nyingi walisikiliza, kwa sababu sikuanza kwa kumlaumu mtoto wao.

Ripoti iandike kweli tupu. Alama ibaki kama ilivyo, usiipandishe hata moja. Lakini kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu, usiandike "aongeze bidii", ambayo haimfundishi mtu chochote. Andika anachokiweza, kinachomkwamisha, na hatua inayofuata, kwa mfano hivi: "Anaelewa nusu na robo anapotumia vitu halisi, na hujibu vizuri maswali anayosomewa. Kusoma kwake bado ni kwa taratibu sana. Tunafanya mazoezi ya silabi kila asubuhi. Nyumbani asome kwa sauti dakika kumi kila jioni pamoja na dada yake. Tunaomba apimwe macho kabla ya kufungua muhula ujao." Mwoneshe mwalimu mkuu maneno hayo kabla hujayapeleka kwa mzazi, na umwombe asaini chini yake. Nakala moja uibandike kwenye daftari lako, ili mwalimu atakayempokea Darasa la Sita asianze upya.